Tupeane uzoefu: mhadhara au warsha gani ya chama chetu imebaki nawe hadi leo?

Mchora Kofia (Mkomani)

Assalaam aleikum ndugu zangu wa sindano, wa ukili wa mikeka na wa makumbi ya nazi. Juzi nimepokea ratiba ya mwaka huu ya mihadhara na warsha za chama chetu cha kazi za mikono, na nilipofika katikati yake moyo ulinishtuka. Mihadhara, ambayo zamani ilichukua asubuhi tatu, imebanwa ikawa asubuhi moja, na siku zote zilizobaki zimeachiwa kazi ya mikono. Sababu tuliyopewa ni kwamba watu wengi hufika saa nne, wakati mzungumzaji anakunja karatasi zake.

Mimi nimejifunza kwa masikio kama nilivyojifunza kwa vidole, nami nataka kusema hivyo waziwazi. Mhadhara ninaoukumbuka zaidi ni ule wa hariri ya kisiwa cha Pate. Tulikaa kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba moja kongwe, jua likiwa bado halijashuka ukutani, na mzee akatueleza kwamba Wareno waliofika pwani yetu katika karne ya 16 waliisifu nguo ya hariri iliyofumwa Pate, na kwamba wafumi wa huko walikuwa wakifumua vitambaa vya hariri vilivyoletwa na vyombo kutoka ng'ambo ili wapate uzi wa kufuma nguo yao wenyewe. Mpaka siku ile nilikuwa nikiona haya kila nilipolazimika kufumua safu niliyoikosea, na nilikuwa nikifanya hivyo usiku ili wakwe zangu wasinione. Tangu siku ile nafumua mchana, barazani, mbele ya watu.

Basi naomba kila mmoja atueleze ni siku gani ya mihadhara au ya warsha iliyobaki naye, ya heri au ya msiba, ili tunapokwenda kuzungumza na viongozi kuhusu ratiba tuwe na maneno ya watu mikononi.

Bint Matondoni

Bi Mchora, umenikumbusha siku ambayo nilikuwa sijaisimulia kwa mtu yeyote. Mimi nimezaliwa katika miyaa, yale majani ya kusukia mikeka. Nikiwa na umri wa miaka sita nilikuwa tayari nasuka ukili mwembamba wa kufundishia, na mama alikuwa akiufumua na kunirudishia bila kusema neno, mpaka kingo zikanyooka. Lakini rangi sikuwahi kuitia mwenyewe, kwa kuwa kwetu tulikuwa tukinunua miyaa iliyokwisha kuchovywa.

Mwaka ule kulikuwa na warsha ya rangi. Asubuhi mama mmoja wa makamo alitoa mhadhara akaeleza mambo matatu. La kwanza, miyaa ikatwe ingali changa, kabla jani halijachanua, kisha ichanwe na kuanikwa juani hadi iwe nyeupe. La pili, magome ya mkandaa, yaani mkoko, yachemshwe vizuri kabla ya kutia miyaa, kwa maana rangi yake nyekundu iliyoiva kama udongo haitoki kwa haraka. La tatu, ambalo ndilo lililonipata, miyaa iliyotoka kwenye rangi isuuzwe mpaka maji yatoke meupe kabisa, ndipo ianikwe kivulini. Nilisikia yote. Lakini mchana, chombo cha kurudi Matondoni kilipokaribia kuondoka, nilisuuza mara mbili tu, nikafunga mzigo wangu nikakimbia gatini.

Kwa miyaa ile nilimshonea baba yangu msala. Nilijitahidi sana, na nakshi yake niliipenda. Alfajiri ya kwanza alitawadha, akasimama juu yake na miguu yake ikiwa bado na maji, na aliposujudu na kuinuka, nyayo zake, magoti ya kanzu yake na paji la uso wake vilikuwa vyekundu. Baba hakusema neno. Aliimaliza sala yake, akaukunja msala taratibu, akauweka juu ya kabati, na mpaka leo anaswalia jamvi la zamani. Kila nikikaa mbele ya sufuria ya rangi nasikia sauti ya yule mama akisema maji yatoke meupe.

Mwenye Kikapu (Kipungani)

Naongeza neno moja tu kwa Bint Matondoni: nami nilijifunza katika warsha hiyohiyo kwamba miyaa ilowe kiasi cha kulainika lakini isijae maji, kwa sababu mkeka uliosukwa kwa miyaa iliyojaa maji hunywea ukikauka na kuacha mianya ambayo hata mchanga wa Shela unapita.

Msokota Kamba (Siyu)

Mimi nitasema kinyume, na naomba nisieleweke vibaya. Miaka miwili nimesafiri kutoka kwetu kisiwani Pate, nimelipa nauli ya chombo kwenda na kurudi, nimelala kwa jamaa, na mara zote mbili asubuhi zangu zimeishia kusikiliza habari za rangi na hariri. Makumbi hayakupewa hata asubuhi moja. Mwaka wa pili niliahidiwa muda, nao ukawa nusu saa ya mwisho, wakati sinia za pilau zimekwisha kuletwa na watu wananawa mikono.

Kazi ya makumbi ni ya subira kuliko zote mnazozitaja. Unayafukia kwenye tope la ufukweni ambako maji hujaa na kupwa, unayaacha miezi mingi mpaka nyama yake ioze, kisha unayatoa, unayaponda kwa rungu, unaosha usumba, yaani zile nyuzi zake, unauanika, na ndipo unapoanza kuusokota kwa viganja. Mababu zetu walishona vyombo vizima kwa kamba hiyo kabla ya misumari kuenea. Hayo yote hayasomwi kwenye karatasi. Mtu ataketi nami siku nzima, viganja vyake vitawaka moto, na jioni atakuwa na pima moja ya kamba ambayo ameisokota yeye mwenyewe. Kwa hiyo mihadhara ikipunguzwa mimi silii.

Mjukuu wa Mfumi (Faza)

Ndugu yangu wa Siyu, kilio chako cha kunyimwa nafasi ni cha haki, lakini hitimisho lako silikubali. Kutoka kwenu hadi magofu ya Shanga si mbali. Wachimbaji wa mambo ya kale wa miaka ya 1980 walipata pale vibonge vya kusokotea uzi. Kwa karne nyingi watu wa kisiwa chako walikaa wakisokota uzi na wewe hukulijua hilo, kama mimi nisivyolijua, mpaka tulipoambiwa kwenye mhadhara. Ulikuwepo, nakukumbuka, ulikaa karibu na mlango.

Msokota Kamba (Siyu)

Nilikuwepo, na nilifurahi kusikia. Hata hivyo nilirudi nyumbani bila kujua kusokota uzi wa pamba, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunionyesha. Kuambiwa kwamba babu yangu alijua hakunifanyi nijue.

Mjukuu wa Mfumi (Faza)

Basi dai mwalimu aongezwe badala ya kushangilia mhadhara kuondolewa.

Binti wa Langoni

Ndugu zangu, nimesoma yote haya tangu jana na nimejizuia, lakini naona nikinyamaza nitakuwa nimeificha haki. Mama yangu alifariki katika mwezi wa Rajabu. Alikuwa mshona kofia maisha yake yote, na kofia ya mwisho aliyokuwa nayo mkononi alikuwa akimshonea ndugu yangu mdogo, anayefanya kazi Mombasa, ili aivae siku ya Maulidi atakaporudi na kusimama na wenzake mbele ya msikiti wa Riyadha hapa Lamu. Duara la juu alikuwa amelimaliza. Ukanda wa pembeni ulibaki kama robo. Hakuishona kwa uzi wa kawaida wa pamba. Mjomba alimletea uzi wa hariri kutoka Muscat, mweupe wenye ung'avu kidogo, na mama aliutunza kwa miaka mingi akisema utapata siku yake.

Baada ya eda ya baba kumlilia, kama tulivyokuwa tukisema nyumbani, niliamua kuimalizia mimi. Kitambaa kilikuwa kimeingia umanjano kwa kukaa sandukuni. Nikasikia kwamba katika warsha ya mwaka ule kungekuwa na siku ya kumalizia na kusafisha kofia, nikajiandikisha siku hiyohiyo. Mhadhara ulikuwa asubuhi, nao ulihusu namna ya kuzijua nyuzi: ipi ni pamba, ipi ni hariri, ipi ni ya kiwandani. Sikwenda. Nilikuwa na wageni nyumbani, lakini kusema kweli hata bila wageni nisingekwenda, kwa sababu nilijiambia kwamba mtu aliyezaliwa na mshona kofia hahitaji kufundishwa uzi. Nikafika saa nne, moja kwa moja kwenye meza za kazi.

Palikuwa na beseni kubwa lenye maji yaliyotiwa dawa ya kutoa madoa. Msaidizi mmoja, kijana mwenye adabu ambaye simlaumu hata kidogo, alitwambia kwamba mwenye kazi iliyoingia umanjano aiweke humo. Wenzangu watano waliweka kofia zao, nami nikaweka ya mama. Ikaadhiniwa adhuhuri. Tukaenda kuswali. Nilirefusha dua siku hiyo, nikimwombea yeye.

Niliporudi niliona kwanza kwamba kofia za wenzangu zimekuwa nyeupe na yangu nyuzi zake zimekuwa za manjano zaidi ya mwanzo. Nikadhani labda haijakaa vya kutosha. Nikatia mkono nikaishika ukingoni, na vidole vyangu vikahisi utelezi kama ute wa yai. Nikainua. Kitambaa kilikuja, lakini nakshi ilibaki ndani ya maji. Maua ya mama, yale ya duara la juu ambayo aliyashona akiwa anakohoa, yalikuwa yakielea vipande vipande, na kila nilipojaribu kukiokota kipande kimoja kiliyeyuka kati ya vidole. Nilipiga ukelele ambao sikujua kama ninao. Watu walitoka mpaka darini kutazama.

Khaloo, dada wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenishika mikono akaitoa kwenye beseni, maana nilikuwa nimekataa kuitoa. Yeye ndiye aliyekisuuza kile kitambaa kwenye maji ya birika mara nyingi, akakikausha, akakifunga ndani ya kanga ya mama. Imepita miaka miwili. Ndugu yangu hajaambiwa. Kila Maulidi inapokaribia hupiga simu akauliza kofia yake imefika wapi, na mimi humwambia inashonwa.

Ndiyo maana nasema msiache mihadhara iondolewe. Asubuhi ile, watu hamsini waliambiwa jambo ambalo lingeniokoa, nami nilikuwa nyumbani nikikaanga viazi.

Mwenye Kikapu (Kipungani)

Mungu amrehemu mama. Sina neno zaidi.

Msokota Kamba (Siyu)

Dada yangu, pole sana. Niliyoyasema hapo juu kuhusu mihadhara nayarudisha nyuma kidogo, ingawa dai langu la makumbi linabaki.

Mdarizi wa Malindi

Nakupa pole kwa dhati, lakini nitasema jambo ambalo wakubwa zangu walinifundisha. Kazi ya marehemu haimaliziwi na mkono mwingine wala haipelekwi kwenye beseni la watu wengi. Huachwa palepale sindano iliposimama. Kwetu tuna kanzu ya bibi iliyodariziwa nusu kifua, na imekaa hivyo tangu nilipokuwa msichana.

Bint Matondoni

Bi wa Malindi, kwa heshima zote, huu si wakati wa kumhukumu mtu. Mkono wake ni mkono wa mama yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeufundisha. Mkeka wangu wa kwanza ulimaliziwa na nyanya yangu, na wa mwisho wake niliumalizia mimi, na hakuna aliyeona kosa.

Mdarizi wa Malindi

Sikumhukumu. Nimesema desturi ya kwetu, na desturi za miji hutofautiana.

Mshonaji Kijana (Shela)

Naomba kutoa ushauri kwa wengine wasije wakapata msiba huu. Bibi yangu hutoa umanjano kwa maji ya limau na chumvi, kisha huanika kofia juani kutwa nzima, na hajawahi kuharibu kitu.

Mama wa Kanzu (Mokowe)

Usianike juani kutwa nzima, mwanangu, hasa hariri, kwa maana jua nalo huila. Maji baridi na sabuni laini yanatosha, na kama umanjano haukutoka uache, kofia ya zamani ina haki ya kuonekana ya zamani. Wengine husema tia siki kwenye maji ya dawa ya kutoa madoa ili kuipunguza ukali, lakini mimi sijajaribu.

Mwalimu Mstaafu (Hindi)

Mama wa Kanzu, nakuomba kwa msisitizo usijaribu, na yeyote asomaye hapa asijaribu. Siki ikikutana na dawa ile ya klorini hutoa hewa yenye sumu inayochoma macho na mapafu, na katika chumba kilichofungwa inaweza kuua.

Kuhusu lililompata binti yetu, nimefundisha kemia kwa miaka mingi na ningependa alielewe, kwa sababu mtu asiyeelewa huendelea kujilaumu mahali pasipostahili. Hariri hutoka kwa mdudu, na umbile lake liko karibu na nywele zetu na sufu ya kondoo: zote ni protini. Klorini huanza kwa kuifanya protini iwe ya manjano, kisha huivunja mpaka ikayeyuka. Pamba hutoka kwenye mmea, nayo huistahimili dawa hiyo kwa muda mfupi ikiwa imepunguzwa kwa maji mengi na ikasuuzwa sawasawa. Ndiyo sababu kofia tano zilitoka salama na ya sita ikapotea katika maji yaleyale.

Jambo lililofundishwa asubuhi ile ni jepesi. Unachukua kipande cha uzi kisichofika urefu wa kidole, unakishika kwa koleo, unakigusisha moto. Pamba huungua haraka, hunuka kama karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu. Hariri huwaka kwa shida, hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha punje nyeusi inayosagika kwa vidole. Uzi wa kiwandani huyeyuka ukawa tone gumu ambalo halisagiki. Hapo huhitaji kuuliza mtu. Na ninamuunga mkono Bi Mchora: somo hili liwe la asubuhi ya kwanza, na beseni lolote lisitolewe mpaka kila mwenye kofia awe amechoma uzi wake.

Msokota Kamba (Siyu)

Mwalimu, kama mihadhara yote ingekuwa hivi, yenye koleo na moto, nisingelalamika. Nami naomba usumba nao uchomwe mbele ya watu.

Mchora Kofia (Mkomani)

Msokota Kamba, jina lako na la makumbi nimeyaandika, na nitayapeleka kwa viongozi yakiwa juu kabisa ya orodha.

Binti wa Langoni, nina swali, nami ninayo sababu ya kuliuliza. Umesema kitambaa kilibaki. Je, uliwahi kukifungua na kukitazama kwenye mwanga?

Binti wa Langoni

Sijakifungua tangu Khaloo alipokifunga. Sina moyo huo.

Mchora Kofia (Mkomani)

Nisikilize, mwanangu. Mimi kazi yangu ni kuchora kofia kabla hazijapelekwa kwa washonaji, na kofia zilizopita mbele yangu ni nyingi. Mama yako alishona vitobo. Kitobo hakishonwi tu, hutobolewa kwanza, uzi wa nguo husogezwa pembeni, ndipo hariri izungushwe ukingoni. Hariri imeondoka, lakini kitambaa cha pamba kilichokaa na matundu yale kwa miezi mingi hakiyasahau kwa urahisi, na penye mishono ya kawaida sindano nayo huacha alama. Kikiwa hakijapigwa pasi wala kufuliwa tena, inawezekana nakshi yote ya mama yako bado iko pale, kitobo kwa kitobo. Kifungue. Kiweke kwenye kioo cha dirisha asubuhi. Usikivute wala usikiloweshe.

Mdarizi wa Malindi

Bi Mchora amesema kweli. Kanzu ya bibi ilipoliwa na nondo begani, tuliisoma nakshi yake kwa matundu.

Mwalimu Mstaafu (Hindi)

Nami naongeza kwamba kama kilisuuzwa mara nyingi kama alivyosema, huenda bado kina nguvu. Lakini dawa ile hudhoofisha pamba pia, kwa hiyo mtu asikikaze kwenye fremu kabla ya kukitia kitambaa kingine chepesi kwa nyuma.

Binti wa Langoni

Nimekifungua baada ya sala ya alfajiri. Khaloo alikuwa amekaa pembeni yangu akiwa ameshika tasbihi. Mwanzoni sikuona kitu, kilikuwa kitambaa cheupe tu. Kisha jua likapanda juu ya nyumba za jirani likaingia dirishani, na matundu yakaanza kutokea, machache, kisha mengi, kisha maua yote. Nimehesabu ua moja la duara la juu: lina vitobo 24, na kimoja kimekaa upande kidogo, mahali ambapo nakumbuka alikohoa na sindano ikamteleza. Khaloo alilia akaniambia kwa Kiamu, "Mato yake yangaliko," yaani macho yake bado yapo.

Naomba ushauri wenu: niishone kwa hariri, kama alivyotaka yeye, au kwa pamba?

Bint Matondoni

Hariri, bila shaka. Ndiyo aliyoichagua.

Mama wa Kanzu (Mokowe)

Pamba, mwanangu. Ndugu yako ataivaa kwenye zafa, yale maandamano ya Maulidi, atatoka jasho, itafuliwa na mtu asiyeijua habari yake.

Mdarizi wa Malindi

Hariri kwenye duara la juu alilolimaliza yeye, na pamba kwenye robo iliyobaki, ili ijulikane mkono wake uliishia wapi.

Mchora Kofia (Mkomani)

Njoo nacho Alhamisi baada ya alasiri. Nitakuwa barazani kwangu. Kilete katika kanga ileile, nami nitakuwa na kalamu ya risasi nyembamba. Kitobo kile kilichokaa upande tutakichora palepale kilipo.